Siku Wanafunzi Wangu Walipolala Chini Mbele ya Mgeni Rasmi

Wanafunzi arobaini na wawili, sare safi, majembe mkononi, ngoma inalia.

Mgeni rasmi ameshakaa kwenye kiti cha kitambaa cheupe. Mkuu wa shule anatabasamu mpaka magego yanaonekana.

Halafu wote kwa pamoja wakaweka majembe chini, wakalala chali kwenye vumbi.

Hakuna aliyezimia. Hakuna aliyecheka. Wamelala tu, macho juu, kimya.

Mimi ndiye mwalimu wao wa michezo. Nilikuwa mstari wa pili wa viti vya wageni, soda mkononi.

Ngoja nianzie mbali kidogo, maana jambo hili linanitia hasira mpaka leo, na sehemu kubwa ya hasira ni juu yangu mwenyewe.

Naitwa Magesa. Nimekulia Ngokolo, Shinyanga mjini, ila wazee wangu ni watu wa Mara. Nilipangiwa sekondari moja ya kata, njia ya kwenda Bulyanhulu. Huko nusu ya wazazi wanalima na kuchunga, nusu wako machimboni. Nilipewa Jiografia na michezo.

Michezo yenyewe ilikuwa kipindi kimoja kwa wiki, Jumatano saa tisa alasiri. Wavulana mpira wa miguu, wasichana mpira wa pete. Hutaki? Chukua fagio ukafagie.

Mpira wa pete haukuwepo kabisa. Wa miguu ulikuwepo mmoja, unakaa kabatini kwa mkuu. Ukiuomba unahojiwa kama umeomba gari lake.

Kidato cha tatu walikuwa sitini na wawili. Wanaocheza hawafiki kumi na tano. Waliobaki kivulini, soga tu.

Siku ya kwanza niliwaambia, "Kwenye kipindi changu hakuna fimbo. Mwili ni wako. Aliyechoka asijifanye, alale chini apumzike."

Wakaipenda hiyo sheria. Wakawa wanalala kipindi kizima!

Mkuu wa shule, Mwalimu Boaz, akaniita ofisini.

"Magesa, umefungua gesti? Madam Juliana anataka kipindi hicho kwa ajili ya Hisabati. Mwisho wa mwezi nisipoona watoto wanafanya mazoezi, nampa."

Iliniuma. Watoto wanakaa kwenye madawati toka asubuhi, hicho ndicho kipindi pekee cha kunyoosha miguu, nacho kinakwenda.

Jumatano iliyofuata nikafika uwanjani, kivulini hakuna mtu. Nikajua wametoroka. Nikakata fimbo, sheria yangu nikaisahau pale pale.

Nikasikia mlio nyuma ya stoo. Nikanyata.

Aisee, nilibaki mdomo wazi.

Walikuwa kwenye shamba la shule lililokwisha kuvunwa. Kijana anaitwa Masalu anapiga ndoo ya plastiki. Mbele yao yuko Mbuke, binti mwembamba ambaye darasani hata jina lake hulitaja kwa kunong'ona. Anarusha jembe juu, linazunguka, analidaka, mguu unapiga chini, wenzake wanafuata. Wanainama, wanainuka, wanarusha tena.

Bugobogobo. Ngoma ya majembe ya Wasukuma. Nilishaiona mara nyingi kwenye sherehe, nikiwa nimekaa na sahani ya pilau.

Nikatazama saa. Nusu saa nzima bila kupumzika.

Nikatupa fimbo, nikachukua jembe. Dakika ya sita nilikuwa chali, natafuta pumzi. Walicheka mpaka Masalu akaangusha ndoo.

"Mbona hamkuniambia mnajua hivi?"

"Hukuuliza, mwalimu," Mbuke akasema. "Uliuliza mpira au pete."

Wiki iliyofuata nikaiweka bugobogobo kwenye orodha ya michezo. Walikuja arobaini na watatu. Hata Rebeka alikuja, binti mnene ambaye kwa miaka miwili alileta karatasi ya kuumwa goti kila Jumatano. Goti lilipona siku hiyohiyo. Alikuwa analidaka jembe vizuri kuliko wote.

Hapo ningenyamaza, mambo yangekuwa mazuri.

Lakini nilijikuta mjanja. Nikaenda kumwita mkuu aje aone.

Alisimama, akatazama, macho yakamng'aa. "Magesa! Hii ni burudani kabambe! Wageni watakoma!"

Ndiyo ikawa mwanzo wa balaa. Diwani akija, wachezeshe. Wafadhili wa vyoo wakija, wachezeshe. Mjumbe wa bodi anaoza binti, wapakieni kwenye pikapu wakacheze. Mazoezi mpaka saa kumi na mbili jioni, mkuu amesimama pembeni anafoka.

"Chekeni! Mgeni hataki sura za msiba!"

Siku moja akamnyooshea Rebeka kidole mbele ya wenzake. "Wewe toka. Unaharibu mstari."

Rebeka akaweka jembe chini, akaondoka taratibu. Goti likaanza kuuma tena.

Na kipindi cha Jumatano? Akapewa Madam Juliana hivyohivyo. "Si wanafanya mazoezi kwenye burudani?" mkuu aliniambia.

Mbuke akanifuata. "Shikamoo mwalimu."

"Marahaba."

"Mwalimu, tuombee kwa mkuu. Tumechoka gete, tumechoka kwelikweli. Tunataka Jumatano yetu, na Rebeka arudi."

"Vumilieni kidogo. Anakuja mgeni mkubwa, tutapata hata mipira."

Sikumwambia mkuu neno. Nilimwogopa. Na niseme ukweli, nilikuwa naona raha kuitwa mwalimu mbunifu.

Sasa turudi pale kwenye vumbi.

Wamelala. Ngoma imenyamaza. Mara nikamwona Rebeka anatoka upande wa jikoni, alikopangiwa kuosha sahani za wageni. Amefunga kanga kiunoni, mikono ina povu. Akapita katikati ya uwanja, akaenda mbele kabisa, akalala.

Arobaini na watatu.

Nikajua kimenuka. Na unajua wageni walifanya nini?

Walipiga makofi!

Mgeni rasmi alisimama kabisa. "Safi sana! Mkulima amelima, amechoka, anapumzika! Ubunifu wa hali ya juu!"

Mkuu akadaka kipaza sauti. "Ndiyo mheshimiwa, ni mtindo wetu mpya!"

Kisha akaniinamia sikioni. "Siku ya mahafali walale hivihivi. Ila huyo mnene asiwepo."

Nikaweka soda chini. Nikaenda na tai yangu shingoni, nikalala chali kando ya Rebeka.

Makofi yakafifia, yakaisha.

"Na mwalimu naye yumo kwenye ngoma?" mgeni akauliza.

Mbuke akainuka, akakaa. Kwa mara ya kwanza nikamsikia akiongea kwa sauti.

"Mheshimiwa, huu si mtindo. Tumechoka. Mwalimu alisema aliyechoka alale. Tunaomba kipindi chetu cha michezo kirudi."

Mgeni akaomba kuona ratiba. Ikaletwa. Jumatano saa tisa, Michezo. Akauliza nani anafundisha.

"Mimi, mheshimiwa," akajibu Madam Juliana. "Hisabati."

Kipindi kilirudi wiki iliyofuata. Mpira, pete, riadha na bugobogobo, kila mtu achague. Nikashangilia.

Nilishangilia mapema. Barua ya mkuu ikaja: nimeidhalilisha shule mbele ya wageni, nimevuliwa michezo. Anachukua Madam Juliana.

Madam Juliana! Aliyekalia kipindi muhula mzima! Usiku huo sikula.

Jumatano nikaenda kuchungulia, nione anavyochemka. Nikamkuta amekaa chini na wanafunzi, daftari magotini.

"Mimi michezo siijui," anawaambia. "Nyie mnataka nini?"

Miezi minane niliwafundisha, swali hilo sikuwahi kuwauliza.

"Wageni wasije," Rebeka akajibu. "Na watazamaji wasiwepo."

Madam akaandika. Mbuke akageuka, akaniona.

"Mwalimu, umekuja kucheza?"

"Hapana, natazama tu."

"Basi utuwie radhi, mwalimu. Umesikia sheria."

Nilisimama pale uso unawaka. Kisha nikavua viatu.

Walimu wenzangu, na nyie wazazi: mtoto akipata kitu cha kuuchangamsha mwili wake, muulize anakitaka vipi, halafu mwachie. Usikimbilie kumwonyesha kwa watu ili usifiwe wewe. Mimi nilifanya hivyo, na nusura niwaulie kitu walichokipenda kuliko vyote pale shuleni.

Siku hizi Jumatano nipo, mstari wa nyuma, kando ya Rebeka. Nafika dakika ya kumi na moja ndipo nalala.