Dozi ya Bibi na Simbilisi Aliyeitwa Shangazi

Wiki iliyopita nilikuwa Msasani, kwenye nyumba yenye madirisha yasiyohesabika, nabadilisha nyavu za mbu. Ndiyo kazi yangu kwa sasa. Mwaka jana nilikuwa nauza miche ya maua, mwakani sijui. Sebuleni kulikuwa na kizimba cha waya na ndani yake simbilisi, yule panya asiye na mkia, mnene kama boflo. Kidevu chake kilikuwa kimelowa. Mama mwenye nyumba alikuwa amepiga magoti mbele yake, amefungua kidonge cha rangi mbili, anataka kuunyunyiza ule unga kwenye kipande cha tango.

"Mama, samahani, usimpe hiyo," nikasema nikiwa juu ya ngazi.

"Kwani we daktari?"

"Hapana, mama. Fundi wa nyavu. Lakini hiyo itamuua. Mpeleke kwa daktari wa mifugo amtazame meno."

Alinikazia macho, kisha akakirudisha kidonge kwenye pakiti na kuchukua simu. Ikaisha hivyo, kwa upole kabisa. Mie ndiye niliyebaki nachemka juu ya ngazi. Ilikuwa hasira ya zamani, na nikikusimulia ilikotoka huenda nawe utachemka kidogo.

Tulikaa Mbagala, ndani ndani, mbali na barabara kubwa. Bibi alikuja kutoka Makete na simbilisi sita ndani ya tenga. Kwao simbilisi hukaa jikoni kwenye joto la mafiga, wanakula nyasi na maganda, na siku mgeni akija mmoja anaingia chunguni. Jirani zetu walikuwa wakimtania: "Bibi, nyie huko kwenu mnafuga panya?" Naye anajibu, "Nyie mnakula pweza, mie nimewauliza kitu?" Sheria yake ilikuwa moja tu: chakula hakipewi jina. Mie nikaivunja. Kulikuwa na jike mmoja wa kahawia, mwenye baka jeupe usoni, ambaye ukifungua tu mlango wa jikoni alianza kulalamika, wii, wii, wii, kana kwamba umechelewa kwenye harusi ya mwanawe. Nikamwita Shangazi. Haikupita wiki mbili Bibi mwenyewe akawa anauliza, "Shangazi kala?" na tangu hapo hakuna aliyemfikiria tena kama kitoweo.

Kazi ya nyasi ilikuwa yangu. Nilizikata bondeni, chini ya nyumba zetu, asubuhi zikiwa bado na umande, nikapanda na mzigo kichwani maji yakinichuruzika shingoni. Harufu ya nyasi zile, moshi wa kuni, na ugali unaoshika chini ya sufuria! Nifumbe macho leo, nitakuonyesha mafiga yalipokuwa. Kisha watu wakaanza kununua viwanja bondeni. Ukuta wa kwanza, wa pili, geti, mbwa. Nyasi zikawa za kufuatwa mbali, nami nikawa mvivu. Nikaanza kuwapa ukoko wa ugali, makombo ya mkate, wali uliolala. Walikula kwa furaha. Nani angenikataza?

Baada ya miezi kadhaa Shangazi akaanza kutoa udenda. Anafuata jani, analishika, anatafuna kidogo, linaanguka. Akakonda mpaka uti wa mgongo ukawa unahesabika kwa kidole.

Wakati huohuo Bibi alikuwa na shavu limevimba. Gego lilimsumbua tangu Kwaresima. Likianza aliweka karafuu, likizidi alinituma duka la dawa kwa jirani tuliyemwita dokta, kwa sababu tu aliuza dawa. Bibi hakumaliza dozi hata siku moja. Maumivu yakitulia, vidonge vinavyobaki anavifunga kwenye kitambaa, akiba ya ugonjwa ujao, wa yeyote yule. Usimshangae, mtaa wetu mzima ulikuwa hivyo. Mtoto akikohoa, kitambaa kinafunguliwa. Mtu akijikata na panga, kinafunguliwa.

Nilipomweleza dokta habari za Shangazi, hakuinuka kitini. Alikuwa anajipepea na gazeti.

"Anatoa udenda? Kula hawezi? Hilo ni jino. Kwani bibi yako si ana vidonge? Mgawie kidogo. Dawa ya jino ni moja, la mtu, la panya."

Shuleni nako nilijaribu. Nilikuwa nimeona meno yake ya mbele yamerefuka na kupinda, nikanyoosha mkono: "Mwalimu, eti meno ya simbilisi yanakuaga mpaka lini?" Mwalimu akaweka chaki chini. "Wewe, tunasoma sehemu za ua hapa. Au unataka kuwa daktari wa panya?" Darasa likaangua kicheko. Mpaka siku niliyoacha shule, hilo ndilo lilikuwa jina langu: "Daktari wa Panya, na mie jino linaniuma!" Sikuuliza tena swali darasani. Na lilikuwa swali zuri, jamani.

Basi nikamgawia. Nilifungua kidonge kwa kucha, nikapima unga kwa kizibo cha soda, nikaukoroga na maji ya sukari, nikamnywesha kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Alilamba mpaka tone la mwisho. Siku ya pili akaanza kuharisha. Nikadhani dawa haijamtosha, nikamwongeza. Siku ya tatu masikio yake yalikuwa ya baridi. Siku ya nne nilifungua mlango wa jikoni, pakawa kimya.

Nilimlaza kwenye gunia, nikamfungua mdomo kwa ncha ya kijiko. Magego yalikuwa yamekua kwa ndani, kutoka huku na huku, yakakutana juu ya ulimi na kuubana. Alikuwa na njaa tu, Shangazi. Njaa, na chakula kiko mbele yake.

Bibi alikuwa amesimama mlangoni. Nikangoja anigombeze. Badala yake akavuta kigoda mpaka kwenye mwanga, akakaa, akafungua kinywa.

"Mke mwenzangu," akaniita, kama bibi anavyomtania mjukuu wa kike, "hebu na mie niangalie."

"Bibi, mie sio dokta."

"Najua. We angalia tu."

Nikaangalia. Gego la chini lilikuwa tundu jeusi, na ufizi wa pembeni unatoa usaha. Miezi yote ile ya karafuu na vidonge nusunusu, mtu wa kwanza kutazama mle ndani nilikuwa mie, mtoto wa shule ya msingi mwenye kijiko mkononi. Kesho yake baba akampeleka hospitali, likang'olewa.

Ukweli kuhusu Shangazi niliupata ukubwani, nilipokuwa nazunguka huko Makete nikivuna viazi vya watu. Mama mmoja mfugaji, aliyeishia darasa la nne, alimgeuza simbilisi kiganjani, akamfunua midomo kwa kidole gumba. "Hawa meno yao hayaachi kukua. Nyasi ndiyo tupa yao. Ukiwashindisha na ugali, yanapitiliza, umwite bwana mifugo ayapunguze. Na vile vidonge vya rangi mbili vyetu sie watu, usiwape. Vinaua wadudu wema wa tumboni, wanaharisha wanakufa." Aliyasema kama anayekuelekeza chumvi ilipo.

Nikakaa chini kwenye matuta. Kwa hiyo ilijulikana! Ilijulikana wakati dokta anajipepea, ilijulikana wakati darasa linacheka. Nami sijisamehe: nyasi zilikuwepo, mwendo wa nusu saa kwa miguu.

Bibi ametutoka. Jiko la nje lilivunjwa, vikajengwa vyumba vya kupangisha. Bondeni hupati nyasi za kujaza kiganja, na mtoto wa Mbagala ukimtajia simbilisi atakuuliza yuko kwenye katuni gani. Nilivyovipenda vyote vimeondoka. Kilichostahili kuondoka ndicho kilichobaki, tena kimewekewa taa za kuwakawaka na kiyoyozi. Simama jioni mbele ya duka la dawa lolote uone. Mtu anaeleza ugonjwa akiwa barabarani, anapewa kidonge, anakwenda zake, na mdomo wake haujafunguliwa ila kusema ahsante.