Timu ya Marehemu Inaongoza Ligi, na Mkono Ni Wangu

Admin, nakuomba unifiche. Wenzangu wengi wanaufuata ukurasa huu na kwa ninavyozungumza huenda wakanijua, lakini basi, nshachoka.

Mimi ni mwanamme wa miaka thelathini na nne, nakaa Kikwajuni, nina mke na mtoto mmoja. Kazi yangu kuwatembeza wageni Jozani, kuwaonesha kima punju. Nina mdomo, sikatai. Mke wangu husema siku nitakayonyamaza ndiyo atakayoniitia daktari. Sasa nshanyamaza wiki ya tatu na daktari hajaitwa, anadhani nina mwanamke nje.

Ujanani tulikuwa watu kumi tukicheza mpira wa kikapu pamoja. Magoti yakaisha, matumbo yakaja, tukahamia kwenye ligi ya kompyuta. Kila mtu ana timu yake, wachezaji si watu wa kweli, ni majina tu. Wewe unapanga nani aanze na nani akae benchi, kompyuta inacheza yenyewe, Jumapili matokeo yanatoka. Mimi ndiye katibu. Msimu ukifika nusu naandika orodha yangu kwenye grupu, kuanzia timu bora mpaka timu mbovu, si kwa pointi tu, kwa jicho langu, na kila timu naipa maneno yake. Watu huisubiri hiyo kuliko mechi zenyewe. Nikikuweka mkiani utataniwa mpaka msimu uishe.

Mwaka jana mkiani nilimuweka rafiki yangu, nimwite Himidi. Timu yake inaitwa Kunguru. Alikuwa hapangi kikosi tena, hata majeruhi kawaacha uwanjani, nami nikaona hapa pa kusema. Nikaandika: "Kunguru hawaumwi, hawa washakufa. Mwenye maiti ajitokeze tumkoshe, tumsalie, halafu bi mkubwa wao atupikie khitma tule." Watu wakacheka vibaya sana. Himidi hakujibu. Nikamuongezea: "Kimya cha maiti hicho."

Wallahi sikujua kama yuko hospitali. Aliwakataza nduguze wasimwambie mtu. Siku ya kumi na moja baada ya orodha ile nikapigiwa simu niende maziko. Na khitma nilikula kweli, nyumbani kwa mama yake, sinia moja na wenzangu, na hakuna aliyenitazama usoni.

Kwetu mtu akisafiri, akienda Hija, akiugua, tunaombana radhi. Mie yangu nikaiombe wapi?

Msimu mpya ulipoanza wenzangu wakakubaliana Kunguru wabaki kama alivyowaacha, mtu asiguse, iwe ukumbusho wake. Sasa mie ndiye niliyewafungulia wote akaunti, maneno ya siri ninayo. Nikaingia. Nikawatoa wale majeruhi tu, nikajiambia hii ni adabu kwa marehemu. Wiki ya pili nikabadilisha wawili. Wiki ya tatu nikakaa naye saa nzima, namaanisha na timu yake. Leo Kunguru wanaongoza ligi, na timu yangu mwenyewe ni ya nane kwa sababu akili yangu yote iko kule.

Balaa ni kwamba ukiingia, taa ya kijani inawaka ubavuni mwa jina la mwenye akaunti. Siku moja adhuhuri mwenzetu mmoja, Kombo, akaleta picha kwenye grupu: "Jamani, Himidi yuko hewani!" Mmoja akaandika Innalillahi. Mwengine akajitoa na mpaka leo hajarudi. Mie nikaandika, "Kombo, acha uchuro," huku nahangaika kutoka kwenye akaunti ya Himidi. Na kinachonitisha zaidi, siku hizi nikiitazama ile taa nnasahau kama niliyeiwasha ni mie. Nnamngoja aniandikie.

Kila Jumapili baada ya laasiri nakwenda kumjuulia hali mama yake, Bi Zuwena.

"Shikamoo, Bi Zuwena."

"Marahaba, mwanangu. Haya, Himidi kashinda?"

Hasemi timu. Anasema Himidi. Nikimwambia kashinda, anafuta macho kwa ncha ya kanga. "Kwa watu alowapanga mwenyewe, vile vile?"

"Vile vile, Bi."

Uongo huo nshamwambia mara tisa, na kila nikimwambia anaonekana amepata nafuu. Majirani wanasema ameanza tena kutoka nje, kwa ajili hiyo tu.

Jumapili iliyopita nikamwambia tumefika nusu ya msimu, orodha inatoka Ijumaa. Akakiweka kikombe chini.

"Ile ya mwaka jana alinisomea mwenyewe, kitandani," akasema. "Akacheka mpaka akakohoa. Halafu akanambia, 'Mama, huyu kajuaje?' Nikamuuliza, nani kaandika maneno haya? Akanambia, 'Rafiki yangu. Bora usimjue, utamchukia.'"

Yarabi, nilitamani sakafu inimeze. Mtu yuko katika hali ile, na bado ananifichia aibu yangu.

Bi Zuwena akanitazama. "Wewe unamjua?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Basi nletee huyo Ijumaa, baada ya sala. Ya safari hii nataka anisomee yeye, kwa mdomo wake."

Leo Jumatano. Timu tisa nshaziandika, mahali pa Kunguru pako wazi. Nikiwaweka wa kwanza, nitakuwa namsomea mama yake kazi ya mikono yangu, naye atalia kwa furaha akidhani ni ya mwanawe. Nikisema kweli, nitamuondolea kile kidogo kilichomtoa ndani, na atajua nani aliyemuita mwanawe maiti naye yu hai.

Nyinyi mnaonisoma, wenye mama na wenye marafiki, nipeni shauri kabla ya Ijumaa. Kaniambia nimpelekee yule aliyeandika. Nende na nani?