Mume wangu kamtoa mtu jicho kwa ajili ya tangi la samaki

Admin, jina langu lifiche kabisa, maana nikijulikana sitabaki na meno ya kukushukuru nayo. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, nina mume na watoto wawili, naishi Uyole, Mbeya. Mume wangu ni mtu wa Kilolo, Iringa, ana gesti ndogo kando ya barabara kuu. Ni mchapakazi, hilo simnyimi. Ila mkono wake unatangulia akili. Jino langu moja la mbele ni la bandia, na la Mungu alining'oa yeye, kisa chai imepoa.

Mwaka huu aliingiwa na wazo la kuweka akwariamu pale mapokezi, yale matangi ya kioo ya kufugia samaki wa mapambo. Akalitengenezesha kwa fundi vioo wa Iringa mjini. Kila mteja aliyeingia alisimuliwa habari za taa za bluu na samaki wa rangi mpaka tukachoka. Tangi lilipokuwa tayari, akampigia mama yake, ambaye siku hiyo alikuwa anashuka mjini kutoka Kilolo, akamwomba alichukue kwa fundi na ahakikishe boksi limepakiwa kwenye basi la Mbeya. Mama mkwe wangu ni mtu mzima, mwenye upendo wa kupitiliza, akafanya kama alivyoombwa. Na zaidi.

Basi lilipofika Uyole tulikuwa wote wawili kulipokea. Mbeba mizigo mmoja, nitamwita Ambo, alilishusha lile boksi taratibu, ila lilipogusa chini vioo vikalia ndani. Mume wangu akainama, akaona utepe wa gundi umebanduliwa na boksi limefungwa upya kwa kipande cha kitenge.

"Umefungua mzigo wangu?"

"Hapana bosi, umekuja hivi hivi. Mimi nimeshusha tu."

Mume wangu aliokota spana ya magurudumu iliyokuwa chini pembeni ya basi, akampiga nayo usoni. Niliusikia mfupa, jamani. Ambo akaanguka, mume wangu akaendelea kumkanyaga kichwa kwa buti huku anahema. Nilimvuta shati, nikala kiwiko cha mdomo. Wanaume walipokuja kumtoa, jicho la kushoto la yule kaka halikuwa jicho tena, na damu ilikuwa imeingia mpaka chini ya lile boksi.

Ambo akakimbizwa hospitali. Mume wangu akawahi polisi, akaeleza kwamba huyo mtu alifungua boksi ili aibe na ndiye aliyeanza vurugu. Boksi lenyewe hata hakulifungua. Alilisukumia stoo, akaniambia, "Katupe hayo makorokoro, sitaki kuyaona."

Nikafungua mimi. Ndugu zangu, ndani ya lile tangi kulikuwa na viazi! Viazi vya Kilolo na udongo wake, vimeshindiliwa mpaka juu, na vioo vimepasuka pande zote. Nikiwa nimesimama naduwaa, simu ikaita. Mama mkwe.

"Kamwene, mkwe wangu. Viazi vimefika?"

"Mama, umeweka viazi humu ndani?"

"Sasa chombo kikubwa hivyo kije kitupu kwa wajukuu zangu? Mngenionaje? Fundi alikuwa amejaza vigodoro tu humo, nikavitoa. Nimejishonea mto, laini huo!"

Nilipomweleza yaliyotokea stendi akaanza kulia. "Usimwambie, mwanangu. Yule ni baba yake mtupu." Namwelewa. Marehemu baba mkwe alimvunja mkono na haukunyooka tena. Na huyu wangu, tulipokwenda kugawana shamba, alimwinulia mama yake panga mbele yangu, majirani ndio waliomshika. Basi nikanyamaza. Vioo nikavifukia nyuma ya nyumba, viazi nikavipika. Mume wangu alikula akaongeza, akasema siku nyingi hajala viazi vitamu namna hiyo.

Juzi mke wa Ambo alikuja nyumbani, akapiga magoti mlangoni kwangu. "Dada, mwombe shemeji afute kesi. Kazini wameshamfukuza. Mume wangu anaapa hakufungua boksi la mtu." Nilimwinua, nikashindwa kumtazama usoni. Alipoondoka niliingia stoo nikalia kwa hasira, hasira na mume wangu, na mama mkwe, na mdomo wangu huu.

Sasa wazee wa kanisa wametaka tupatane. Kesho baada ya ibada tunakwenda hospitali. Mume wangu amekubali kufuta kesi, ila Ambo akiri kwanza mbele ya wazee kwamba alifungua boksi, na aombe radhi. "Asipokiri, hilo jicho lililobaki namalizia mwenyewe." Aliyasema hayo anafunga kamba za viatu, wala hakupandisha sauti. Na nasikia yule kaka yuko tayari kukiri, ili tu yaishe.

Nikimwambia mume wangu ukweli usiku huu, ataanza na mimi, na asubuhi atakuwa njiani kwenda Kilolo kwa mama yake. Nikienda polisi, mimi na wanangu tutalala wapi? Nikinyamaza, mtu aliyepofuliwa jicho bure ataomba msamaha kwa aliyempofua, na mimi nimekaa pale nasikiliza.

Na kabla hajatoka, mume wangu ameniambia, "Mpikie mgonjwa vile viazi vilivyobaki. Si vizuri kwenda kwa mtu mikono mitupu."

Nimeshavimenya, viko kwenye maji. Nishaurini mapema jamani, kwa sababu hotipoti nitalibeba mimi.