Simu ya marehemu mama imeingia waifai ya kazini kwangu

Leo nimeona makubwa, jamani.

Nasimamia waifai ya gesti hapa Mpanda. Vifaa vya kurusha mtandao viko vinne, kila kimoja upande wake, ila kwenye kompyuta moja naona simu ipi imeingia na iko upande gani.

Mara nikaona "Mama". Niliiandika hivyo mwenyewe, enzi akiniletea chakula hapa na simu yake ikiingia waifai.

Simu hiyo ilipotea msibani. Baba mdogo akasema mwizi ni shemeji, mke wa kaka. Akafukuzwa, akarudi kwao Litapunga na watoto.

Nikaifuata mpaka ukumbini.

Baba mdogo! Kaivalisha kava jipya, anaangalia mpira humo humo.

Nikarudi kwenye kompyuta, nikaikatia waifai simu hiyo.

Akaniita: "Mwanangu, neti yenu mbona mbovu hivi?"

Nyie mngemjibu nini?

Mimi nimempigia shemeji kwanza. Simu za ukoo wetu hapokei tena.