Sauti ya marehemu mjomba kwenye muvi ya zamani niliyoinunua Kyela

Wakuu, habari za mchana. Ninachoandika kimetokea sebuleni kwangu, na hiyo sebule naijua kuliko yeyote maana sitoki. Mke wangu ananiita fenicha.

Ugonjwa wangu ni muvi za zamani, zile ukimtajia muuza CD anakuangalia kama umeomba dawa ya mifugo. Hakuna mlipuko, hakuna kareti. Mtu anamenya viazi dakika nne na wewe umebana pumzi.

Sasa mwezi uliopita, sokoni Kyela mjini, nikapata DVD ya black and white: mwanamke anaishi peke yake kando ya ziwa, kama Matema vile, anamsubiri mumewe.

Kuiwasha tu, nikaganda. Anayetafsiri ni marehemu mjomba Gwamaka!

Mjomba alikuwa na banda la video Ipyana. Alitafsiri papo hapo kwa maiki huku anarekodi, na katikati anawachamba watazamaji: "We mwenye kofia, mwenzio analia huku, wewe unatafuna muwa!"

Mjomba alifariki wakati mkewe ni mjamzito. Mtoto huyo ni binamu yangu Tupo, sasa mtu mzima, anaanika kokoa zake Makwale. Hajawahi kusikia sauti ya baba yake.

Nikampigia. Nikamweleza. Akasema: "Kaka, kama ni utani wako ule, safari hii sikusamehe."

Shida ni kwamba DVD ilikuwa imechubuka. Kila nikiicheza inakwama mapema zaidi, na kukopi imegoma. Nikamwambia awahi.

Jumamosi, saa tisa alasiri, mvua ya huku mnaijua. Nikaiwasha nione kama bado inasoma.

Kwenye muvi, mlango wa yule mwanamke ukafunguka taratibu. Mjomba akanyamaza. Ikabaki mvua tu, sijui ya kwenye TV au ya nje.

Kisha akasema kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake:

"Wewe uliyesimama mlangoni. Umelowa. Ingia ukae."

Nikageuka. Tupo yuko kizingitini, anachuruzika maji, viatu mkononi.

"Nimefika, baba," akasema. Akakaa sakafuni mbele ya TV.

Najua mtakachosema. Bandani watu walizoea kusimama mlangoni, na Kyela kulowa si habari. Nakubali. Ila nilikuwa nimeiangalia mara tatu na sentensi hiyo sikuisikia. Labda nilisinzia, mimi hata msibani nalala.

Mjomba akaendelea dakika kama sita, picha ikakwama. Nikachukua rimoti nirudishe nyuma tuhakikishe. Tupo akanishika mkono.

"Acha, kaka. Ameshaniona."

Nilichojifunza: hizi muvi mnazoziita za wazee, zisikilizeni kabla ya kutupa. Humo ndani kuna ndugu wa mtu. Mwenye ya kwake iliyotafsiriwa na mtu wa mtaani kwao atuambie, na wa kunicheka karibuni pia, nimezoea.

DVD aliondoka nayo Tupo. Haisomi tena kwenye deki yoyote. Hajaniomba niitengeneze.