Vidonge vya Chemutai na Chai ya Kuresoi

Tangu mimba yake iharibike mwezi wa Januari, Chemutai aliamka amechoka kuliko alivyolala. Hakulia, hakucheka. Mikono ilimlegea kabla ya kumaliza kukamua, na ng'ombe, ambaye mama yake alimpa alipoolewa, akaanza kupunguza maziwa. Mumewe, Kosgei, alisema kwa upole kwamba hali ikibaki hivyo mpaka viazi vichimbwe, ng'ombe ataenda kwa Zeddy, dada ya Kosgei, naye Chemutai akakubali.

Zeddy huyohuyo aliuza unga wa nguvu za wanawake baada ya ibada. Akamletea wifi yake kopo lenye picha ya mama anayeruka.

"Hata ng'ombe wako analamba chumvi," akamtania, "na wewe unaogopa unga?"

Chemutai alilizungusha kopo. Halikusema ndani yake mna nini. Kliniki walikuwa wamempima, wakamwambia damu yake ni kidogo, wakampa vidonge vya madini ya chuma. Akamrudishia Zeddy kopo lake. Ulikuwa uamuzi wake wa kwanza tangu Januari, lakini moyoni hakusikia lolote.

Kila alfajiri alimeza kidonge kama dawa zote zinavyomezwa katika nyumba ile: kwa kikombe cha chai nzito ya maziwa. Kwa baridi ya Kuresoi, nani atakunywa maji matupu asubuhi?

Viazi vikachimbwa. Alipopimwa tena, damu ilikuwa palepale. Muuguzi alimuuliza anamezaje vidonge. Alipojibiwa, aliweka kalamu chini.

"Mama, hiyo chai ndiyo inakula dawa yako. Meza na maji. Chai ingoje masaa mawili."

Chemutai aliporudi nyumbani, alimkuta Zeddy zizini, kamba mkononi. Chemutai alitaka kumweleza habari ya chai, lakini maneno yalikuwa mazito, na ahadi ni ahadi.

"Muimbie kidogo," alisema, "ndipo ataachilia maziwa."

"Ukipata nguvu, uje umchukue," Zeddy akajibu, bila kumtazama.

Ng'ombe aligeuza kichwa mara moja, kisha akafuata kamba. Chemutai alingoja machozi. Hayakuja.

Kesho yake Kosgei alimmiminia chai kama kawaida. Chemutai akaisogeza kando, akachota maji mtungini, akameza kidonge. Baridi ilimuuma meno mpaka akafumba macho. Akachota tena, akanywa.

Chai ikabaki mezani, ikiweka utando.