Siku Nilipokabidhi Mwiko

Mimi ni mpishi wa harusi hapa Goma. Naanza na hilo kwa sababu watu wakishasikia habari za kichwa changu, husahau kwamba ndoa nyingi za mji huu zilianza na pilau yangu, na kwamba wapo wazee waliowahi kuhamisha tarehe ya harusi ya binti yao ili wanipate.

Kazi niliipokea kwa mama. Babu yetu alitoka Maniema na biashara ya vitambaa, akajenga karibu na msikiti, na katika ukoo wetu jikoni hapakuwa mahali pa mchezo. Nikiwa msichana nilikaa na mama kwenye babula, jiko letu la makaa, nikijifunza kusikia kwa pua kitunguu kinapotaka kuungua. Tayari wakati ule nilikuwa na namna mbili za kuishi. Kuna majuma niliamka kabla ya adhana, nikafagia ua wetu na ua wa jirani, nikaimba, nikabishana na kaka zangu kwa raha tu ya kubishana. Halafu, bila homa na bila mtu kunitukana, yalikuja majuma ambayo hata kuinua sahani ilikuwa kazi. Mama alikuwa akinitazama asubuhi na kusema, "Huyu mutoto, leo ametuma mwenzake." Basi ananipikia uji, ananiacha. Hakunisema vibaya hata siku moja, na nadhani hilo ndilo lililonibeba mpaka hapa.

Niliolewa na dereva wa lori aliyekuwa akileta samaki kutoka Vitshumbi. Ni mtu wa maneno machache. Mwanzoni alidhani nikiwa kimya nimemkasirikia yeye, na nikichangamka nimemsamehe. Tulikaa hivyo, yeye akibashiri, mimi nisijue namna ya kumweleza.

Kisha mlima wetu wa moto ukalipuka, lava ikashuka mjini. Waasi ndio waliokuwa wakitawala Goma wakati huo, na tulikuwa tumezoea kukimbia bunduki, si mawe yanayotiririka. Tulivuka mpaka kuingia Gisenyi na watoto mgongoni, na baada ya siku chache tukarudi ingawa tuliambiwa tusirudi. Nyumba yetu ilikuwa chini ya jiwe jeusi. Hakikuonekana hata kipande cha bati. Jiwe lenyewe bado lilikuwa na joto. Nilisukuma sufuria ya maharagi kwenye ufa, nikangoja, yakaanza kutokota.

Hapo kitu kikawaka ndani yangu. Nilipika kwa ajili ya familia yangu, kisha kwa majirani, kisha kwa watu nisiowajua. Niliomba unga, niliomba mafuta, niliomba sufuria za msikiti na za parokia. Sikulala, na sikuhitaji kulala. Nilizungumza na kila mtu, nikapanga wanawake kwa zamu, nikachekesha watoto. Watu walinisifu sana. Nani angejua kwamba naumwa? Mji wote ulikuwa hauna usingizi.

Ndipo nilipompata rafiki yangu. Ni mama mmoja wa Bukavu, Mkatoliki, ambaye bwana wake alikuwa karani. Alikuja na kisu chake mwenyewe, akakaa, akaanza kukata vitunguu bila kuuliza. Mpaka leo tunapika pamoja. Yeye ndiye wa kwanza kuona. Aliniambia, "Mama, tangu nimefika hapa sijakuona umekaa. Matako yako haina kazi?" Nilicheka mpaka nikalia, kisha nikalia kweli, na yeye akaacha kisu akanishika mkono.

Nilianguka wakati wenzangu walipoanza kuinuka. Watu walikuwa wakigonga misumari, nyumba za mbao zikipanda juu ya lava, na mimi nimelala kwenye godoro chini ya turubai, nikitazama bidoni ya maji nisiweze kuamua kama nina kiu. Harufu ya kitunguu ilinitoa machozi hata kabla hakijakatwa. Bwana wangu alirudi kutoka safari, akaona sufuria chafu zimepangana, akakunja mikono ya shati na kuziosha zote mbele ya majirani. Wanaume wengine walimcheka. Aliendelea kuosha.

Mama alimleta shehe. Alinisomea vizuri, kwa sauti ya upole, na moyo wangu ulitulia kidogo. Alipomaliza alimwambia mama, "Nimesoma, na nitaendelea kusoma. Lakini mupeleke na hospitali." Tulikwenda. Wakanipima malaria, wakanipa dawa ya malaria, tukarudi. Baada ya muda niliamka mwenyewe asubuhi moja na hamu ya chai, na sote tukasema imekwisha.

Haikwisha. Lakini naomba nisieleweke kwamba miaka iliyofuata ilikuwa ya taabu tupu. Ilikuwa miaka ya jina langu. Nilipika harusi za wafanyabiashara, hitima, sherehe za komunyo za watoto wa Kikatoliki. Nilipopanda, nilikubali harusi tatu Jumamosi moja, na zote tatu zilikula, zikashiba. Nilipozama, rafiki yangu alisimama mahali pangu, akisema nimesafiri. Watu walidhani nina ndugu wengi sana mbali.

Waasi wengine walipoukaribia mji, miaka kumi baadaye, barabara ya kaskazini ilijaa watu waliokimbia na magodoro kichwani. Nikawaka tena. Nilipakia sufuria kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, nikamwomba kijana mwenye chukudu asukume kuelekea Kibati, mahali ambapo kila mtu mwenye akili alikuwa anatoka. Kwenye kizuizi niliwahutubia wanajeshi. Niliwaambia wananuka njaa, wakae chini wale. Kweli walikaa, wakala. Bwana wangu aliponifikia kwa pikipiki nilikuwa nimesimama juu ya jiwe, nikiwaeleza wanajeshi kwa Kifaransa jinsi ya kuiongoza nchi.

Kifaransa nilikisoma shule, nikakiacha huko. Nyumbani kwetu hatukisemi.

Hakunigombeza. Alisema tu, "Mama ya batoto, twende nyumbani," na mkono wake ulikuwa unatetemeka. Nilipouona huo mkono wa mtu aliyeendesha lori kwenye barabara zote mbaya za Kivu, niliingiwa na shaka kwa mara ya kwanza. Labda walichokiita moyo mkubwa kilikuwa na jina lingine.

Mji ulichukuliwa, kisha ukaachwa, na mimi nikazama kama nilivyotazamia. Safari hii bwana wangu aliulizauliza kwa madereva wenzake, mpaka mmoja, aliyekuwa na dada mgonjwa, akamwelekeza mahali wanapotibu magonjwa ya akili. Nilikataa. Wehu ni watu wa sokoni, wanaotembea na magunia. Rafiki yangu aliketi kando ya kitanda changu na kusema, "Mimi nitakusindikiza. Wakituona, watajiuliza nani kati yetu eko mugonjwa." Nikaenda kwa sababu hiyo.

Muuguzi aliyenipokea alikuwa mwanamke wa makamo. Hakuwa na haraka. Aliuliza habari za usingizi, za chakula, za maneno mengi na za ukimya. Kisha akasema, "Dokta njo atasema. Inaweza kuwa ile banaita bipolaire: mutu anapanda sana, kisha anashuka sana. Inaweza pia kuwa mambo umeona."

"Mama, hapa Goma nani hajaona mambo?" nilimwuliza. "Mlima unalipuka, tunakimbia. Waasi banaingia, tunakimbia. Tunarudi, tunajenga, tunafurahi, tunalia. Basi mji wote ni bipolaire?"

Alicheka, lakini hakuniacha nikimbilie kwenye kicheko. "Na mbele ya lava? Ulipokuwa binti?"

Nilimwona mama kwenye babula, ananitazama asubuhi. Nikasema, "Ilikuwa hivi hivi."

Swali hilo nimeishi nalo. Daktari wa kwanza alikubaliana na muuguzi. Wa pili, aliyekuja baada yake, alisema tungoje, kwani hofu ya miaka mingi nayo hufanya mambo ya kufanana. Mimi si msomi wa hayo. Kuna siku nasema jina ni hilo, kuna siku nasema labda silo. Ninachojua ni kwamba vidonge vilinishusha polepole badala ya kunitupa, na vilinipandisha kabla sijafika chini kabisa. Mwanzoni vilitia mikono yangu mtetemo, nikamwaga mchuzi wa harusi nzima. Nilirudi kwa muuguzi nikamwambia, "Mimi ni mpishi. Mikono hii njo cheti changu." Dawa ikapunguzwa, mikono ikatulia.

Watu hupenda kuniambia kwamba mimi ni kama mlima wetu. Sikubali. Mlima haujifunzi kitu. Mimi nilijifunza. Tulikaa watatu, mimi, bwana wangu na rafiki yangu, tukatafuta dalili zangu kama watu wanaochambua mchele. Nikianza kuzama, chumvi inapotea ulimini. Naonja na kuonja na sisikii kitu. Nikianza kupanda, naongeza iliki kwenye kila kitu, na nasema Kifaransa. Tulikubaliana kwamba yeyote kati yao akisikia Kifaransa ataniambia, nami sitakasirika. Nilikasirika mara nyingi. Lakini nililala.

Mlima ulipolipuka tena, lava ilisimama kabla ya kuingia katikati ya mji, lakini ardhi iliendelea kutetemeka siku baada ya siku, kuta zikapasuka. Asubuhi moja tukaambiwa tuondoke wote. Mji mzima ulimwagika kwenye barabara ya Sake, magari, pikipiki, vikongwe, mbuzi. Kitu cha kwanza nilichoweka kwenye mfuko kilikuwa dawa. Cha pili kilikuwa mwiko wangu mkubwa wa mbao, ule wa harusi, kwa sababu sikuweza kuuacha.

Sake tulipewa nafasi kwenye ua wa shule. Watoto walikuwa wanalia njaa, na kulikuwa na maharagi, na kulikuwa na mimi. Nilipika. Nani angenizuia? Siku iliyofuata nikapika tena, na mchana nikamwita bwana wangu nikaanza kumweleza mpango: tujenge jiko kubwa, tulishe Sake yote, twende na Minova, tuwaite watu wa redio. Alinisikiliza, uso wake umetulia mno. Rafiki yangu alikuwa anapepeta mchele pembeni, na niliona mikono yake imesimama.

Hawakupata nafasi ya kuniambia. Nilijisikia mwenyewe. Nilisikia neno la Kifaransa, *immédiatement*, likitoka kinywani mwangu, refu, limepigwa pasi, na nikafunga kinywa.

Mbele yangu foleni ya watoto na sahani zao. Mwilini mwangu ile raha tamu kuliko zote, raha ya kuamini kwamba bila mimi hawatakula. Asiyewahi kuionja hataelewa uzito wa kuiweka chini. Nilimwendea rafiki yangu, nikamkabidhi mwiko.

"Shika," nilisema. "Mimi naenda kulala."

"Sasa hivi? Jua iko katikati."

"Sasa hivi. Na weye usitie iliki."

Nilimeza dawa, nikajilaza kwenye kona ya darasa, kitenge usoni, na bwana wangu akakaa mlangoni kuzuia watu. Usingizi ulichelewa. Nilisikia sahani, nikasikia mtu akilalamika kwamba maharagi yameshika chini, na kila sehemu ya mwili wangu ilitaka kuinuka kuyaokoa. Sikuinuka. Nilipoamka, bwana wangu alikuwa bado mlangoni, na mwanangu mkubwa aliniletea sahani. Yalikuwa yameungua kweli. Niliyala yote, na sijawahi kujivunia chakula kama kile ambacho sikukipika. Watu wote walikuwa wamekula. Mimi nilikuwa nimebaki mimi.

Tulirudi mjini baadaye, nyumba yetu na nyufa zake. Mama hakuishi kuyaona hayo. Alikuwa ametutoka miaka miwili kabla. Ningependa angeiona siku ile.

Tangu hapo waasi wameingia tena, na huo ulikuwa wakati mbaya kuliko nyakati zote ninazozikumbuka. Dawa ilikosekana kwa muda, nikazama, nikakaa chini siku nyingi. Lakini nilijua ninapoelekea, na walio pembeni yangu walijua, na hakuna aliyesema nimesafiri. Rafiki yangu aliwaambia wateja, "Mama anaumwa. Akipona atawapikia. Kama hamuwezi kungoja, mimi niko." Wengine walingoja.

Sasa nachukua harusi moja tu kwa Jumamosi. Majuzi alikuja mama mmoja kutoka Munigi kuniomba nimpikie ya binti yake. Tulipokwisha kuongea habari za mchele na nyama hakuinuka. Alizungushazungusha kikombe chake cha chai, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama ni kweli mimi huenda pale kwa muuguzi, kwa sababu mdogo wake wa kiume siku hizi halali usiku, anagawa nguo zake barabarani.

"Ni kweli," nilimwambia. "Mulete kesho asubuhi. Tutaenda wote watatu."